Alama ya Glasi Mgongoni mwa Winchi

Ukitaka kujua hali ya Winchi, usimuulize Winchi. Atakwambia yu mzima wa afya, tena atakwambia huku kashika ukuta kwa mkono mmoja asije akaanguka. Muulize mkewe, Mama Chapa. Huyo ndiye aliyekaa naye hospitali siku tisa, ndiye aliyemfunga kamba za viatu miezi miwili, na ndiye aliyekuwepo daktari alipovua miwani, akaifuta, akaivaa tena, halafu akasema kwa sauti ya mtu asiyetaka kurudia: “Mzee, mgongo huu tumeushona mara moja. Mwaka mzima usinyanyue kitu. Hata ndoo ya maji. Ukiharibika tena, hutatembea.”

Winchi akaitikia, “Sawa, daktari,” kwa adabu zote. Wiki tatu baadaye jirani akapita na mtungi wa gesi, akasema tu, “Mzee, hebu shika hapa kidogo,” na Winchi akashika. Siku nne alilala chali anahesabu misumari ya dari, na kila akiulizwa anasema ni mafua. Mafua ya kiuno! Mtu mzima, mvi kichwani, anadanganya kama mtoto aliyeiba sukari na bado midomo inang'aa.

Lakini usidhani alikuwa mjinga. Ugonjwa wake hasa ulikuwa mwingine, na huo haukuonekana kwenye picha ya eksirei: kinywani mwake hamkuwa na neno “siwezi”. Miaka thelathini na moja alikuwa mchukuzi wa mizigo katika ghala moja kubwa karibu na reli. Wenzake walibeba gunia moja, yeye akabeba mawili, ndipo wakampa jina la mashine ya kunyanyulia mizigo. Ukimwambia “shika”, mikono inatangulia, akili inakuja nyuma inahema.

Mama Chapa naye jina lake lilitoka ghala hilohilo. Kazi yake ilikuwa kupiga alama kwenye makasha: mshale wa kuonyesha upande wa juu, mwavuli kwa kisichotaka maji, na glasi yenye ufa kwa kitu cha kuvunjika. Stensili zake alizikata mwenyewe. Alichukua bati jembamba, akalitoboa kwa umbo la picha, akaliweka juu ya ubao, akapuliza rangi, akaliondoa, na picha imebaki. Kuna wachukuzi hawakujua kusoma hata herufi moja, lakini alama hizo walizijua kuliko walivyowajua shemeji zao.

Na katika alama zote, glasi ndiyo iliyokuwa na sheria kali. Kasha la glasi halirushwi. Haliwekewi kitu juu. Haliachwi njiani peke yake. Halibebwi na mtu mmoja hata liwe dogo kama tofali, hubebwa na wawili, na wote wawili huacha utani mpaka walitue. Likishatuliwa, Mama Chapa hulijia, hugonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, huweka sikio kwenye ubao na kusikiliza kama ndani kuna kinacholia. Asiposikia kitu husema, “Kizima,” na hapo wachukuzi ndipo wanapovuta pumzi.

Hapo kwenye glasi ndipo walipojuana. Siku moja kijana mmoja mwenye shingo nene alisimama mbele yake na kuuliza, “Dada, hii alama inasema nini?” Akamjibu kwamba inasema ndani kuna kitu cha kuvunjika. Kesho yake kijana akaja tena na swali lilelile, na kesho kutwa, wiki nzima, mpaka nyapara akacheka na kumwambia yule dada, “Wewe naye! Huyu ndiye aliyewafundisha wenzake alama zote, anakuuliza nini?” Mama Chapa aliona haya mpaka masikio yakawa moto. Jumatatu kijana alipokuja kuuliza tena, akamkata jicho: “Inasema ukivunja utalipa.”

“Basi nitashika kwa mikono miwili,” kijana akasema.

Na kweli alishika. Walioana, wakazaa binti mmoja, ambaye leo ni mwalimu wa shule ya msingi katika mji mwingine. Mambo yakageuka. Zikaja stika za mashine, unabandua na kubandika, na Mama Chapa akapewa mkono wa kwaheri pamoja na birika la umeme. Winchi akabaki ghalani mpaka asubuhi ile mgongo ulipolia kama tawi kavu na yeye akaanguka juu ya magunia ya saruji.

Sasa ilikuwa imepita miezi mitano tangu upasuaji. Kila asubuhi Winchi alitembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi, dakika arobaini, kama alivyoagizwa. Hilo halikuwa na shida. Shida ilikuja Jumatano, simu ilipolia na mpigaji akawa Redio.

Redio alikuwa mchukuzi mwenzake, na jina lake halihitaji maelezo. Hata bila spika, Mama Chapa alimsikia toka jikoni. “Winchi! Jumamosi hatupakii, tunafagia tu. Njoo utusalimie, bwana! Watu wamekukumbuka. Gunia lako la salamu liko tayari!”

Mama Chapa akaacha kijiko ndani ya sufuria.

Gunia la salamu, hilo ndilo lililomtoa jasho. Palikuwa na desturi ghalani: mtu akirudi kutoka likizo au ugonjwa, wenzake wanampokea kwa gunia. Wawili wananyanyua, wanamtwisha mgongoni, naye analipeleka mpaka kwenye mizani huku wengine wanapiga makofi. Akifika, amerudi, ni mwenzao. Asipofika, watamtania mpaka kaburini. Na unajua nani aliyeanzisha desturi hiyo? Winchi mwenyewe, miaka ishirini iliyopita, kwa kichwa chake kigumu. Wewe niambie, mtu atakataaje mchezo aliouanzisha yeye?

“Utawaambia daktari amekataza,” Mama Chapa akasema walipokaa kula.

“Nitawaambia.”

“Utawaambia kabla hawajanyanyua.”

“Nimesema nitawaambia, Mama Chapa.”

“Kama ulivyomwambia jirani mwenye mtungi.”

Winchi akatafuna kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji mkate ule laini. Mkewe akamwambia atamsindikiza. Winchi akaweka kikombe chini. “Mimi si mtoto wa chekechea wa kupelekwa na mama yake,” akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Usiku huo Mama Chapa alilala, usifikiri alikesha. Alikuwa mtu wa kulala hata nyumba ikiungua. Ila aliamka na wazo. Alijua mumewe hatasema “siwezi”. Ng'o. Ulimi wake haukuumbwa kwa neno hilo, na kumlaumu ni sawa na kumlaumu jogoo kwa kutotaga. Basi kama ulimi hauwezi kusema, mgongo useme. Na ghalani kulikuwa na alama moja tu ambayo hakuna mchukuzi aliyewahi kubishana nayo.

Alhamisi, Winchi alipotoka kwenda matembezi yake, mkewe alifungua kabati akatoa fulana nyeupe. Binti yao alikuwa amemletea baba yake tatu, tupu kabisa, za kufanyia mazoezi. Akaifua moja kwa sabuni kutoa ule wanga wa dukani, maana rangi haishiki kwenye wanga. Akaianika. Kisha akakaa kitako kufikiria stensili.

Zile za bati zilibaki ghalani, na za kasha kwa vyovyote zingekuwa kubwa mno. Kadibodi ingelowa rangi na kuvimba. Alitaka kitu chembamba, kigumu, kisichonywa maji. Akazunguka nyumba nzima, akaishia nyuma ya kabati, na huko akakuta bahasha kubwa ya hospitali.

Ndani mlikuwa na picha mbili za eksirei, moja ya kabla ya upasuaji na moja ya baada. Akaishika ile ya kwanza mbele ya dirisha. Uti wa mgongo wa mumewe ulisimama pale, mweupe juu ya weusi, mnyoofu, halafu chini karibu na kiuno pingili moja imechomoka kama tofali lililosukumwa. Winchi hakuwahi kukubali kuitazama. Mama Chapa aliitazama vya kutosha kwa wote wawili. Akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu, “Umenitesa sana wewe,” akachukua wembe.

Kukata stensili si kukata karatasi. Ukikata duara lote, la ndani linadondoka na kukuachia shimo, kwa hiyo unaacha vishikizo vyembamba vya kuunganisha cha ndani na cha nje. Miaka miwili hakuwa amekata kitu, lakini mkono haukuwa umesahau. Akakata kikombe cha glasi, akakata shina lake na kitako chake, na kutoka ukingoni akaacha ule ufa wa kukunjakunja, umeshikwa na vishikizo viwili vya upana wa njiti ya kiberiti. Alipomaliza, glasi ilikuwa wazi katikati ya picha, na pingili iliyochomoka ilikuwa vipande vipande mapajani mwake. Akavikusanya akavitupa kwenye takataka kwa furaha ya mtu aliyeua nyoka.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kupuliza. Alikuwa amenunua kopo la rangi nyeusi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, rangi ileile ya kupulizia mageti, maana ndiyo aliyoizoea. Akaipiga fulana pasi mpaka haina kunyanzi, akailaza kwenye meza uani, mgongo juu. Akaweka stensili katikati ya mabega, akabandika selotepu pembeni pande zote, akafunika sehemu iliyobaki kwa magazeti ya zamani. Akajifunga kitambaa puani. Akatikisa kopo, ile gololi ya ndani ikagonga kwa ka-ka-ka, na jamani, sauti ile! Ghafla akawa na miaka ishirini na mbili, anasubiri kijana wa shingo nene aje kuuliza swali la kijinga.

Akajaribu kwanza kwenye gazeti. Kisha akashika kopo mbali kidogo, kama urefu wa mkono toka kiwiko hadi vidole, akapuliza kwa mkato: fyu, fyu, fyu. Anayepuliza mfululizo rangi inatiririka, hilo kila mpiga chapa anajua. Akangoja ikauke, akarudia tabaka la pili. Kisha akabandua selotepu na kuinua stensili wima, bila kuiburuta. Glasi ikabaki pale, nyeusi, safi, kingo zake kali. Mama Chapa alicheka peke yake kwa kuridhika.

Akampigia binti yake kujisifu.

“Hongera, mama! Mimi na watoto wangu wa shule pia tunachora fulana zao,” binti akasema. “Uliweka kadibodi ndani?”

“Kadibodi ya nini?”

“Ya kutenganisha mbele na nyuma, mama. Rangi inapenya.”

Mama Chapa akaigeuza fulana. Lo! Upande wa mbele, palepale kifuani, glasi nyingine ilikuwa imejitokeza, hafifu, ya kijivu, kama kivuli cha ile ya mgongoni. Miaka ishirini na sita alipiga chapa kwenye ubao, na ubao haupenyezi kitu. Nani angekumbuka kwamba fulana ina mgongo na kifua vilivyolala pamoja?

“Tena rangi gani uliyotumia?” binti akaendelea.

“Ya mageti.”

“Ya mageti! Mama, hiyo itakauka iwe ngumu kama ukoko. Itamkwaruza baba. Kuna rangi yake ya kitambaa.”

“Haya, mwalimu, nimesikia,” Mama Chapa akasema, akakata simu kabla somo halijawa refu. Hakuwa na fulana nyingine iliyofuliwa, wala hakuwa na siku nyingine. Ndiyo hivyo tena.

Alipogeuka, Winchi alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani. Manyunyu yalikuwa yameanza, naye akakatisha matembezi.

“Harufu hii naijua,” akasema, na kwa sekunde moja uso wake ulikuwa laini kabisa. Kisha akaona meza. Akasogea, akatazama fulana, akatazama stensili. Akaichukua ile stensili, akaiinua juu kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza akauona uti wake wa mgongo, umetobolewa katikati.

“Huyu si mimi?”

“Ni wewe wa zamani. Ule mgongo mbovu.”

“Na fulana ya nani?”

“Yako. Ya kesho.”

Winchi akaanza, polepole, kama gari zito linalopanda mlima. “Unataka niingie ghalani, mbele ya watu niliowafundisha kazi, nimepigwa chapa kama kasha la vikombe?”

“Ndiyo.”

“Mimi! Kitu cha kuvunjika!”

“Umeshavunjika, baba! Nilikuwepo!” Kitambaa kilikuwa bado kinamfunika pua, akakivuta chini. “Nimefunga kamba za viatu vyako miezi miwili. Nimekusikia usiku ukiuma mto ili nisijue, na mimi nikajifanya sijui. Kesho watakuletea gunia, na wewe utainama. Usinibishie. Utainama, kwa sababu unaogopa kuchekwa kuliko unavyoogopa kulemaa. Mimi naogopa. Basi, nimesema. Naogopa mpaka chakula hakipiti. Si kwamba sitaki kukuhudumia, nitakuhudumia mpaka nife. Ila nakujua, wewe huwezi kuishi umelala. Utakufa kwa hasira, na mimi nitabaki namgombeza nani?”

Winchi akaiweka stensili mezani kwa uangalifu. Akaingia ndani. Angekuwa na uwezo angeubamiza mlango, lakini hata kubamiza mlango kunataka kiuno, kwa hiyo akaurudisha taratibu kama mgeni.

Jioni hiyo walisemezana mambo mawili tu, chumvi na taa.

Jumamosi asubuhi Mama Chapa aliipiga fulana pasi kwa upande wa ndani, kitambaa katikati, ili rangi ishike vizuri. Kweli ilikuwa ngumu kama ukoko. Akaikunja, akaiweka kwenye kiti cha chumbani, akaenda kuchemsha chai. Winchi akatoka amevaa shati lake la bluu la mikono mirefu, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Akanywa chai kwa kusimama.

“Haya, naenda.”

“Nenda salama.”

Hakumtazama, maana angemtazama angelia, na alishaapa hatalia mbele ya mtu mbishi. Alipokwisha kusikia geti, akaenda chumbani kuitoa fulana ile akaifanye tambara la kufutia meza. Kiti kilikuwa kitupu. Akatafuta chini ya kitanda. Akatafuta kwenye pipa la takataka, akapekua mpaka chini, hamna. Nyuma ya kabati akakuta ile bahasha ya hospitali tu. Akawaza: ameibeba aende kuitupa mbali, nisiiokote. Hasira zikamkaba.

Ila hasira hazidumu palipo na hofu. Saa tatu ikapita. Saa nne. Alikaa kuchambua mchele, akagundua anatoa mchele na kuacha mawe. Akapiga simu, ikalia chumbani chini ya mto, mzee ameisahau au ameiacha makusudi. Akavaa viatu aende ghalani. Akavivua: akimfuata mbele ya wenzake atakuwa amemdhalilisha kuliko hiyo fulana. Akavivaa tena. Akavivua tena. Saa tano na nusu, amekaa mlangoni peku, kiatu kimoja mkononi, akasikia nyayo.

Zilikuwa nyayo za watu kadhaa, na Mama Chapa alizijua bila kuona. Mtu aliyekaa ghalani miaka ishirini na sita haambiwi. Huo ulikuwa mwendo wa watu wanaoleta mzigo usiotakiwa kutikiswa: polepole, hatua sawasawa, hakuna anayepiga soga, na mmoja mbele anaonya, “Taratibu, hapo kuna shimo. Zunguka kushoto.” Hata sauti ya Redio ilikuwa ya chini, na Redio hana kitufe cha kupunguza sauti.

Wamembeba, Mama Chapa akawaza. Mungu wangu, wanamleta wamembeba.

Akalikimbilia geti, akalifungua.

Winchi alikuwa anatembea. Kwa miguu yake mwenyewe, wima. Shati la bluu lilikuwa limekunjwa mkononi mwa Redio, na yeye amevaa ile fulana nyeupe. Kulia alikuwepo Redio, kushoto alikuwepo nyapara mzee, wote wawili wamenyoosha mikono karibu naye bila kumgusa, kama watu waliopewa kabati la vioo. Kijana mmoja wa baiskeli alipotaka kupita, Redio akamkemea, “Weee! Pita mbali! Huoni alama?”

“Shemeji,” Redio akasema alipofika getini, na sasa sauti yake ikarudi yote, “bora ufungue mlango wote, maana mzigo huu ni wa wawili.”

“Imekuwaje?” Mama Chapa aliuliza, lakini alimuuliza mumewe.

Winchi akatazama viatu vyake. Redio ndiye aliyejibu, nani mwingine? “Tulimpokea kwa makofi, shemeji. Gunia juu, mimi na mwenzangu tumelishika, tunamwambia lete mgongo. Akainama! Nakuapia, aliinama kabisa. Halafu akasita. Akasimama wima, akaanza kufungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, sisi tunashangaa, gunia linatuua mikono. Akavua. Akatugeuzia mgongo. Hakusema kitu.”

“Na nyie?”

Redio akajikuna shingo. Akamgeukia nyapara amalizie.

“Tuliliweka gunia chini, mama,” nyapara akasema. “Alama yako tunaijua. Hakuna aliyecheka. Tukampeleka kivulini, tukamkalisha. Alipotaka kuchukua kikombe chake cha chai mwenyewe, vijana walimkatalia.”

“Walinishikia kikombe!” Winchi akalalamika. “Kama bibi harusi!”

Hapo wote wakacheka, na Mama Chapa akacheka pia, na machozi yaliyokatazwa jana na juzi yakapata njia yakatoka yote kwa mpigo. Hakuyafuta.

“Nilikuwa nimeshainama,” Winchi akamwambia, kwa sauti ya chini, kana kwamba wale wawili hawapo. “Usije ukadhani nilikuwa jasiri. Niliivaa ndani, nikafunga vifungo vya shati juu yake, nikajiambia hakuna atakayeiona. Nilipoinama, ile rangi yako ya mageti ikanikwaruza hapa katikati. Ngumu kama nini sijui. Nikakusikia kabisa unanigombeza.”

“Na bado sijamaliza.”

“Najua.” Akamtazama usoni. “Siwezi kubeba tena, Mama Chapa. Siwezi.”

Neno lenyewe hilo. Lilitoka likiwa na kutu, lakini lilitoka, tena mbele ya watu wawili waliokuwa wakimwita mashine. Redio akaanza kukagua geti kana kwamba hajawahi kuona geti. Nyapara akakohoa, kisha akasema, kwa sauti ya kazini kabisa, “Haya mama, kagua mzigo wako, sisi turudi. Hatuondoki bila kuambiwa.”

Mama Chapa alikuwa bado na kiatu kimoja mkononi. Akakiweka chini. Akamsogelea mumewe, na pale mbele, kifuani, ile glasi ya pili ya kijivu, ile iliyopenya kwa makosa, ilikuwa inamtazama, imekaa karibu na moyo. Akaigonga mara mbili kwa kifundo cha kidole. Kisha akainamisha kichwa, akaweka sikio juu yake, akafumba macho, akasikiliza.

Ndani kulikuwa na kinacholia, kwa nguvu, bila kuchoka, palepale. Alisikiliza muda mrefu sana, mrefu kuliko alivyowahi kusikiliza kasha lolote.

“Vipi, shemeji?” Redio akashindwa kuvumilia. “Kimevunjika?”

“Kizima,” Mama Chapa akasema, na hakuondoa sikio.

Wachukuzi wawili wakavuta pumzi. Winchi akauinua mkono wake, mkono uliokuwa ukibeba magunia mawili, akauweka juu ya kichwa cha mkewe. Ukabaki hapo.